Mwenye Kumsemea Mtoto

Watu wa Kwamsisi walicheka waliposikia kwamba Shamimu binti Sadala anaomba chuo cha kwenda kujifunza kulala porini. Walicheka kisimani, walicheka kwenye mashine ya kusaga, na mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu ya mahindi yake akasema kwamba kama siku hizi kulala nje kunapewa shahada, basi wafugaji wanaopitisha ng'ombe wao hapa kila kiangazi ni maprofesa watupu.

"Na wewe omba, babu," Shamimu akamjibu. "Umelala mtaroni mara ngapi? Uzoefu unao."

Wakaangua kicheko, na mzee akacheka kuliko wote, kwa kuwa mjukuu na babu hawana la kusameheana.

Zamda, mama yake Shamimu, hakucheka. Alikuwa mwanamke wa kulielewa jambo polepole, lakini likishaingia halitoki. Binti yake alikuwa amemweleza kwa utulivu, jembe likiwa mkononi, walipokuwa wakipalilia ufuta. Chuo kilikuwa mbali, upande wa kaskazini penye milima mikubwa. Shahada yenyewe iliitwa ya elimu ya nyikani. Aliyeisomea angefundishwa kuwaongoza watoto wa shule na wageni milimani na mitoni, kuwalaza salama, kuwahudumia wakiumia, na kuwarudisha makwao wakiwa na ujasiri ambao hawakwenda nao. Alama za kidato cha sita zilihitajika, na Shamimu alikuwa nazo. Lakini alama peke yake hazikutosha. Kila mwombaji alitakiwa awe amebuni safari yake mwenyewe ya kulala nje, awaongoze wenzake kwenda na kurudi, atume picha na maelezo, kisha amtaje mtu mzima ambaye chuo kingempigia simu na kumuuliza kama ni kweli.

Safari ilikuwa imekwishafanyika. Shamimu aliwachukua vijana wenzake wa kijijini akawapitisha katika njia aliyoonyeshwa na bibi yake mzaa mama, njia ambayo wanawake wa ukoo wao waliifuata zamani kwenda kwenye matambiko. Inashuka bonde la Msangasi, inavuka mto mahali ambapo kiangazi huacha mchanga mtupu na maji hufukuliwa kwa mikono, kisha inapanda vilima hadi penye miti mikubwa isiyokatwa. Bibi alikwisha kufariki. Aliyebaki akiijua njia ile kwa miguu yake alikuwa mjukuu.

Ikram, binamu yake wa Korogwe, naye alikwenda. Baba yake, Mustapha, kaka mkubwa wa Zamda, ndiye aliyemtuma, kwa sababu Ikram alikuwa na simu nzuri ya kupigia picha na Shamimu alikuwa na kitochi. Walitaniana kutoka nyumbani hadi mtoni.

"Binamu, ukinipoteza humu, baba atakudai fidia ya mwanamume mzima," Ikram alisema.

"Mwanamume yupi? Atakayekuokota ndiye atakayedai, kwa usumbufu."

Na waliporudi, wamechoka, nyayo zimevimba, wote wazima, Ikram akasema kwamba mtandao wa Korogwe ni mzuri, akaahidi kumtumia binamu yake maombi na picha zote chuoni kutoka huko.

"Mtu mzima wa kumtaja ni mmoja tu, mama," Shamimu alisema siku ile shambani. "Wanamwita mlezi shahidi. Nilifikiri nikutaje wewe. Si ndiwe uliyetusindikiza hadi mtoni, na ndiwe uliyetupokea tuliporudi?"

Zamda alisimamisha jembe. "Mimi? Tangu lini mama akamsemea mtoto mbele za watu? Mtaje mjomba wako."

"Mjomba hakuwepo."

"Hakuwepo, lakini ni mjomba. Kwetu mtoto ana baba wa kumlisha na mjomba wa kumsemea. Aliyekupa jina ni nani? Aliyesimama mbele ya mwalimu mkuu ulipofukuzwa kwa ajili ya sare ni nani? Huko chuoni watataka mtu mwenye kauli. Mimi nitawaambia nini?"

Wazigua wengi wa siku hizi wameyaacha hayo, lakini nyumba ya akina Zamda ilikuwa bado imeyashika: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kinywa cha ukoo ni kaka wa mama. Sadala, mume wa Zamda, alikuwa mstari wa pili akipalilia. Hakuinua kichwa. Alioa katika nyumba ile akijua, na hakuwa mtu wa kugombania lisilo lake.

Shamimu akamtaja mjomba wake.

*

Habari ya usaili ilipokuja, Zamda alitoa sandukuni khanga aliyokuwa akiitunzia harusi ya mtu asiyejulikana bado. Walimu wa chuo walikuwa wanazunguka mikoani kuwaona waombaji, na wa pande hizi wangeonwa katika shule moja ya Korogwe ya Zamani. Zamda na binti yake wangelala Kilole, mjini humo, nyumbani kwa Mustapha, kisha asubuhi waende pamoja.

Sadala aliwafungia begi kwenye bodaboda. Aliufunga mpira, akaufungua, akaufunga tena. Alimtazama mkewe kama anayetaka kusema neno, akakohoa, akasema waangalie mvua.

"Mvua gani na jua hili?" Zamda akacheka.

"Aa, niliona wingu," Sadala akasema, akarudi nyuma kuipisha pikipiki.

Nyumba ya Mustapha ilikuwa ya matofali ya saruji, na mbele yake alikuwa na duka la mabati na misumari. Wifi yake Zamda, Msambaa mwenye maneno mengi siku zote, aliwapokea kwa maneno machache. Hakuwaingiza sebuleni. Aliwazungusha ukutani hadi uani, akawawekea mkeka karibu na jiko, akasema ndani kuna joto. Zamda alikaa. Alijiambia kwamba mgeni hachagui kiti. Lakini pazia la sebuleni lilipopepea aliona feni inazunguka na viti havina watu.

Shamimu ndiye aliyeviona viatu. Vilikuwa juu ya ukuta mfupi wa bafu, vimeanikwa juani: viatu vya kupandia milima, vizito, soli zake zina meno, karatasi ya bei bado inaning'inia kwenye kamba.

"Wifi," Zamda akatania, "kaka ameanza kulima Usambara? Viatu vile ni vya kumkanyagia nani?"

Wifi alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna.

"Vya Ikram. Chuo kinataka awe navyo."

"Chuo! Hongera! Hamkutuambia. Chuo gani?"

Mbuzi ya nazi ikasimama. Wifi alifuta mkono kwenye khanga, akachukua kifuu kingine ingawa cha kwanza hakijaisha.

"Wifi, mimi ni mpishi wa nyumba hii tu. Muulize kaka yako."

Zamda akamgeukia binti yake ili wacheke pamoja maneno yale. Shamimu hakuwa anacheka. Alikuwa anavitazama viatu, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesoma jina la marehemu kwenye tangazo na kuliona ni la nduguye.

*

Mustapha alirudi baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mtu wa kanzu safi na sauti ya chini, ambaye mikutano ya ukoo humngoja aseme ndipo wengine wajue wanaloliafiki. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya dada yake, akaanza bila kuzunguka.

"Ni hivi, dada. Ikram naye ameomba. Chuo kilekile."

"Kwa safari ipi?"

"Ileile waliyokwenda. Chuo kilipiga simu. Wakauliza aliyeongoza ni nani. Nikawaambia ni Ikram."

Zamda alingoja. Aliona kwamba sentensi ile haijaisha, kwamba lazima kuna kipande chake kingine kitakachoifanya iwe jambo jingine.

"Na Shamimu?" akauliza mwishowe.

"Nikasema naye alikuwemo. Alipika."

"Alipika."

"Sasa ningesemaje? Viongozi wawili wa safari moja?"

Shamimu alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jiko. Akauliza kwa upole, "Mjomba, nilipika nini?"

"Watu wazima wanazungumza."

"Nauliza tu. Wakiniuliza kesho nijue nilipika nini."

"Shamimu!" Zamda akamkemea, na ulimi wake ulimkemea kabla moyo haujaamua. Mustapha akashukuru kwa kutikisa kichwa, akaendelea kwa sauti ya mtu anayegawa nyama kwa haki.

"Nisikilize, Zamda. Binti yako ana alama. Huyu ataingia chuo chochote. Ikram hana za kutosha. Chuo hiki ndicho peke yake kinachotazama ushujaa kuliko alama. Ana alama za kugusa mlango tu. Nikiacha nafasi hii ipite, mwanangu atauza misumari humu dukani hadi azeeke. Na njia ile si ya Shamimu. Ni ya ukoo, na mkuu wa ukoo ni mimi."

"Ikram si wa ukoo wetu, kaka. Ni wa kwao mama yake. Wewe mwenyewe ulimkataza asikanyage kule, mama alipokuwa hai."

"Hayo ya zamani. Zama zimegeuka. Siku hizi mtoto ni wa aliyemzaa."

Zamda aliyasikia maneno hayo, akayashika, lakini wakati ule hakujua ayafanyie nini.

"Kuna tatizo dogo," Mustapha akaendelea. "Wameona maombi mawili yana safari moja. Kesho watauliza. Wakisikia ubishi watawatoa wote wawili; wameniambia wenyewe. Kwa hiyo Shamimu aseme anajitoa. Kwa hiari. Mwakani nitampeleka chuo cha ualimu, gharama zote juu yangu. Mmoja wetu akiingia, tumeingia sote."

"Na akijitoa, wale walimu watamwona nani?"

"Mtu aliyejitoa."

"Watamwona mwongo. Mpishi aliyejiita kiongozi."

Mustapha akaegemea mbele. Sauti yake ikashuka zaidi, na ndiyo sauti ambayo Zamda aliijua tangu utoto, ile iliyombembeleza siku ya msiba wa mama yao. "Dada. Siku ukifa, atakayetangulia kaburini kwako ni nani? Huyu akiposwa, wakweze watakuja kubisha hodi kwa nani? Ukisimama kesho ukanipinga mbele ya wageni, hapo hutakuwa umelipinga neno moja. Utakuwa umelibomoa dari lote. Kwa ajili ya chuo cha kulala porini?"

Geti likalia, Ikram akaingia. Alipomwona Zamda akasimama ghafla, kisha akaja taratibu, amejiinamia.

"Shikamoo, shangazi."

Zamda hakuitika. Shamimu akajibu badala yake, kwa sauti ya utani waliouzoea, ingawa utani wenyewe haukuwemo tena ndani yake.

"Binamu, hongera ya uongozi. Kesho wakikuuliza ulifanya nini siafu walipotuvamia, utajibu nini? Maana mimi nakumbuka ulipanda mabegani kwa mwenzetu Sabiri, mpishi akabaki chini kuwafukuza."

Tabasamu lilimponyoka Ikram nusu, kisha akamwona baba yake, na tabasamu likarudi lilikotoka. Alivichukua viatu vyake ukutani, akaingia navyo ndani.

*

Usaili ulifanyika katika darasa lenye madawati yaliyosukumwa ukutani, katika shule isiyo mbali na mto. Walimu walikuwa wawili: Mwalimu Yusta, mama mwenye nywele fupi na viatu vilivyokwisha kutembea sana, na Bwana Abraham aliyekuwa akiandika. Wazazi waliketi nje kwenye benchi. Zamda aliketi upande mmoja, Mustapha upande mwingine, na kati yao palikuwa na nafasi ya watu wanne ambayo hakuna mzazi aliyethubutu kuijaza.

Shamimu aliitwa, kisha Ikram, kisha mlango ukafunguliwa tena.

"Mzee Mustapha, tafadhali. Na mama wa binti kama yupo."

Ndani, watoto wawili walikuwa wamesimama bega kwa bega kama waliokamatwa kwenye shamba la mtu. Shamimu hakuwa amejitoa. Zamda hakumwambia ajitoe, wala hakumwambia asijitoe. Njia nzima hakumwambia neno, na sasa alimwona jinsi alivyokuwa peke yake.

Mwalimu Yusta alizungumza kwa heshima. "Wazee wangu, tuna waombaji wawili na safari moja. Kila mmoja anasema ameongoza yeye. Wote wawili wamemtaja mlezi mmoja, mzee Mustapha, na mzee alitueleza kwa simu. Binti, unanielewa? Shahidi hatukumchagua sisi. Umemchagua wewe."

"Naelewa, mwalimu."

"Mzee, unasimamia maneno yako?"

"Nayasimamia," Mustapha akasema. "Ni mpwa wangu, nampenda. Lakini ukweli ni ukweli."

Bwana Abraham akaandika. Sauti ya kalamu ile juu ya karatasi ilimwingia Zamda kuliko maneno. Aliona kwamba jambo linakwisha. Kwamba litakwisha hivyohivyo, kwa adabu, bila mtu kupaza sauti, na binti yake atatoka mlango ule akiwa mwongo kwa ushahidi wa mtu ambaye yeye Zamda alimchagulia.

"Naomba niseme," akasema.

"Dada yangu huyu hayajui mambo haya," Mustapha akawaeleza walimu kwa tabasamu. "Ni mkulima tu."

"Aseme," akasema Mwalimu Yusta.

Zamda alikuwa hajawahi kumpinga kaka yake mbele ya mtu. Hakujua hata aelekeze uso wapi. Akauelekeza kwake.

"Kaka, jana uliniambia mtoto ni wa aliyemzaa. Nimeyafikiri, nimeyakubali. Basi Ikram ni wako, msemee. Shamimu nimemzaa mimi. Wewe kumsemea huyu umepewa na nani?"

Mustapha akawageukia walimu na lile tabasamu lake.

"Kwa sababu kama ni desturi," Zamda akaendelea, "basi mtoto wako kwa desturi ni huyu, Shamimu, na umemuuza. Na kama si desturi, basi hukuwa na haki hata ya kuipokea ile simu. Chagua moja. Usile huku na huku." Akawageukia walimu. "Mwalimu, huyu mtoto alitaka kunitaja mimi. Nikakataa. Nilimwambia mama hasemi. Kosa lake ni kunitii. Mimi niliwasindikiza hadi mtoni, na aliyekuwa mbele ni yeye."

"Niliongoza mimi," Shamimu akasema. Aliyasema mbele ya mjomba wake, macho yameinuliwa, jambo ambalo katika nyumba yao halikuwahi kufanywa na msichana.

Mwalimu Yusta akamgeukia kijana. "Ikram. Wewe ulikuwepo. Niambie mimi, si baba yako. Aliyeongoza ni nani?"

Ikram alikuwa anavitazama viatu vyake vipya. Zamda aliomba moyoni. Alimwomba Mungu, kisha akamwomba mtoto mwenyewe, ambaye yeye Zamda alimbeba mgongoni, ambaye alikula chungu kimoja na Shamimu kila likizo.

"Baba amekwisha kusema," Ikram akajibu.

Walimu walinong'onezana dirishani. Waliporudi, aliyezungumza ni Bwana Abraham. Alisema kazi hii ni ya watu kukabidhiana uhai, na safari ambayo mashahidi wake wanapingana chuo hakiwezi kuipokea. Waombaji wote wawili wanaondolewa katika udahili wa mwaka huu. Mwalimu Yusta alimfuata Shamimu hadi mlangoni.

"Omba tena mwakani," akamwambia. "Lakini si kwa njia ile. Tafuta nyingine, na mtu mwingine wa kuthibitisha."

"Nyingine siijui, mwalimu. Bibi alinionyesha ile tu."

Mwalimu Yusta alimshika bega, akarudi ndani kumwita mwingine.

Nje, Mustapha aliwangoja kwenye kivuli cha ukuta. Hakupaza sauti hata sasa.

"Umefurahi? Chungu umekipindua, hakuna aliyekula." Akakung'uta kanzu mahali pasipo na vumbi. "Begi lenu nitalituma stendi. Na huyu akiposwa, msiniletee mtu."

Aliondoka na Ikram nyuma yake. Zamda alimtazama kaka yake akivuka barabara kwa hatua zile alizozijua kuliko za mumewe, akataka kumwita. Kinywa kilikuwa kimekwisha kufunguka. Shamimu akamshika mkono.

Stendi, begi lililetwa na mwendesha bodaboda asiyewajua. Juu yake wifi alikuwa ameweka mfuko wa maandazi bila ujumbe. Zamda aliyatazama maandazi yale, hakujua kama ni pole au ni malipo, akampa mwendesha bodaboda.

*

Walifika Kwamsisi jua likiwa bado juu ya miti. Sadala alikuwa uani ameipindua baiskeli, anarudisha mnyororo ulioanguka. Aliinuka, akafuta mafuta kwa majani, akawapokea begi, akaingia kuwaletea maji ya kunywa. Shamimu akamsalimia, akaingia chumbani kwake. Ikasikika zipu ya begi ikifunguliwa, kisha nguo moja moja zikikunjuliwa.

Zamda aliyanywa maji yote. Sadala alikuwa amekwisha kurudi kwenye baiskeli.

"Hukuuliza," Zamda akasema.

"Nini?"

"Tulikwenda kwenye usaili. Tumerudi. Hukuuliza."

"Nimeziona nyuso zenu."

"Mtu huona uso, ndipo akauliza. Wewe umeona, ukaleta maji."

Sadala alizungusha pedali. Mnyororo ulishika, ukatoka, akaurudisha tena kwa kidole.

"Ulijua," Zamda akasema.

Ndege walikuwa wanagombania kitu juu ya paa. Sadala aliiacha baiskeli, akaketi chini, mgongo ukutani, mikono yake myeusi kwa mafuta ikining'inia juu ya magoti.

"Shemeji alinipigia," akasema. "Kabla hamjaitwa. Alisema ananiambia kwa heshima tu, kama mwanamume kwa mwanamume. Kwamba mtoto wake naye ameomba kwa njia ile, na kwamba yeye atajua namna ya kuliweka sawa."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Ukatufungia begi! Ukatuambia tuangalie mvua! Sadala, nilikwenda pale na khanga mpya, nikakaa jikoni kwa mtu kama ombaomba, na wewe ulikuwa unajua?" Sauti yake ilipanda hadi jirani akachungulia juu ya ua, akajirudisha. "Kaka yangu alikuwa na mtoto wa kumpigania. Na wewe je? Ulikuwa unampigania nani?"

Sadala hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Siku ile ya ufuta nilikuwa mstari wa pili," akasema. "Nilikusikia ukimwambia mtoto nani wa kumsemea. Uliniona nikisikia. Miaka yote nimesikia, Zamda. Jina lake, mliniambia likiwa limekwisha kutolewa. Shule, mlikwenda ninyi. Nikisema neno, unaniambia ngoja tumuulize kaka. Basi nikajifunza kungoja. Shemeji aliponipigia nikasema, haya ni yao, watayamaliza wenyewe." Akainua uso. "Leo unaniuliza kwa nini sikusema. Unaniuliza kama nani? Kama baba yake?"

Zamda alitafuta neno. Alikuwa amepata maneno mbele ya walimu, mbele ya kaka yake, katika mji wa watu. Hapa, uani kwake, mbele ya mtu aliyelala naye kitanda kimoja, hakupata hata moja, kwa maana kila alilolishika lilikuwa limekwisha kutumika dhidi yake, na aliyelitumia kwanza ni yeye mwenyewe.

Chumbani, nguo zilikuwa zimeacha kukunjuliwa. Pazia likasogea, Shamimu akatoka, bado ana vumbi la njia miguuni. Hakumtazama mama yake. Alikwenda moja kwa moja hadi alipoketi baba yake, akapiga magoti kama alivyofundishwa, akamtazama machoni kama ambavyo hakufundishwa.

"Mimi ndiye ninayeuliza, baba," akasema.